Mvuto Nne

Jumapili, tarehe 5 Machi

Kwako daftari. Salamu sana. Mwalimu wa darasa la jioni amesema kila mmoja wetu aandike kila siku yaliyompata, mkono uzoee kalamu. Mimi sijui kuandika kitu kingine ila barua, kwa hiyo nakuandikia kama barua. Hujambo? Sisi hatujambo, ila wasiwasi. Mama mkwe hajambo, goti la kushoto tu linamsumbua kukiwa na mawingu, na hata kusipokuwa na mawingu. Anakusalimu, ingawa sijamwambia kama upo. Mume wangu hajambo. Ni fundi bomba, na leo yuko chini ya sinki letu wenyewe kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, anakusalimu kutoka huko huko. Paka hajambo. Jirani wa Juu sijui hali yake na sijauliza. Mimi mwenyewe sijambo kiasi. Aliyebaki ni mwanangu, na nimemweka mwisho maana habari yake ni ndefu.

Ni msichana wa miaka kumi na nne. Maneno yanamkwama. Neno linafika mlangoni halafu linakataa kutoka. Nyumbani tumeshazoea, mimi namalizia. Akisema "naomba ma", maji nimeshampa. Shuleni ndiko kwenye shida. Wakiitwa majina asubuhi, mpaka yeye aseme nipo, darasa zima limeshacheka. Tangu Januari hafungui mdomo nje ya nyumba hii. Mwezi wa tatu sasa.

Basi jana binti wa Jirani wa Juu, yule tunayemwita Miwani, kamchukua wakaenda nyuma ya duka la Fundi Saa. Kuna mchezo pale kila Jumamosi. Wanakaa mezani, kila mtu anakuwa mtu mwingine wa kubuni, wanasafiri wote pamoja kwa maneno tu. Fundi Saa ndiye msimulizi wa njia, milima na majambazi. Lakini kabla ya safari kila mtu anarusha dadu ajue huyo mtu wake kajaliwa nini. Vitu sita: nguvu, wepesi, uvumilivu, akili, busara, mvuto. Dadu tatu kwa kila kimoja, unajumlisha. Ya chini kabisa tatu, ya juu kabisa kumi na nane.

Karudi anatabasamu. Meno nimeyaona! Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu nikaiona karatasi.

Nguvu 9. Wepesi 13. Uvumilivu 11. Akili 14. Busara 12. Mvuto 4.

Nne!

Miwani akanieleza mlangoni kwamba mvuto ni jinsi mtu anavyosema na watu wakamsikiliza. Nikashika mlango. Watoto wote wale mezani, na dadu imekwenda kumtafuta huyu huyu, kwenye kitu hicho hicho. Kama imeambiwa!

Wakimcheka na pale, hatakwenda tena. Asipokwenda pale, hana pengine. Nitafanya jambo. Bado sijui jambo gani.

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Nimekutana na Jirani wa Juu kwenye ngazi, mimi na kapu, yeye na habari. Eti Miwani kapata nguvu kumi na saba. Kumi na saba, jirani! Akanyanyua mkono kunionyesha msuli, wa kwake mwenyewe. Hajui mchezo wenyewe ni nini, na mimi nilivyojua jana ndivyo ninavyojua leo, lakini kumi na saba ni kumi na saba. Akauliza wa kwangu kapata ngapi. Nikasema akili kumi na nne. Akauliza na zile nyingine. Nikasema pasi yangu inaunguza. Pasi yenyewe iko kazini kwa dobi, nami nilikuwa bado sijafika.

Jioni nikatoa dadu tatu kwenye mchezo wa watoto wa zamani, nione kama kweli zinasema ukweli. Nikamrushia kila mtu wa nyumba hii. Mume wangu: nguvu kumi na mbili, sawa. Uvumilivu kumi na sita, sawa kabisa, miaka kumi na saba ananivumilia. Mimi: nguvu kumi na tano. Napiga pasi mashati tisini kwa siku, imeona. Akili yangu sita. Hiyo nikairudia. Ikaja saba. Nikaacha.

Kosa langu ni kumrushia mama mkwe akiwa amekaa pale pale. Busara tano.

Akaziangalia zile dadu. Halafu akaniuliza polepole kama yeye, aliyezika ndugu sita na kulea watoto saba, ndiye anaambiwa na kipande cha plastiki kwamba ana busara tano. Nikamwambia mama, ni mchezo. Akasema kama ni mchezo mbona nimeandika. Nikafuta. Akasema sasa nafuta kwa sababu najua ni kweli. Kala chakula chake chumbani.

Mwanangu ndiye aliyecheka peke yake. Ana kichwa cha hesabu. Akaniandikia kwenye karatasi kwamba dadu tatu zina njia mia mbili na kumi na sita za kulala, na nne huja kwa njia tatu tu. Tatu yenyewe huja kwa njia moja. Moja katika mia mbili na kumi na sita! Anasema ni ajabu kuipata. Nikamtazama. Anaona fahari kwa nne yake. Mtoto anaficha maumivu, mama yake ninajua.

Jumanne, tarehe 7 Machi

Mpango wa kwanza. Mashati ya Fundi Saa huletwa kwetu dobi kila Jumanne na kurudishwa Ijumaa. Leo nikasema nitayafuata mwenyewe. Msimamizi akashangaa, mimi sijawahi kuomba kutembea.

Fundi Saa ni mtu wa taratibu, ana kioo cha kuangalia vidude vya ndani ya saa, amekivaa jicho moja hata anapopokea wageni. Nikamwuliza, kwa mbali tu, kama dadu tatu ndiyo njia pekee ya kumpata mtu wa mchezo. Afadhali nisingemwuliza, alifurahi mno! Akanikalisha. Akaniambia njia ziko nyingi.

Ya kwanza ni yao: dadu tatu kwa mpangilio, zilivyolala zimelala. Ya pili: unarusha nne, ile ndogo kabisa unaitoa, unajumlisha zilizobaki, na unaweka namba pale unapopenda. Watu wanatoka wazuri zaidi. Niliionea huruma ile inayotolewa, lakini nikaipenda. Ya tatu: hakuna kurusha kabisa, kila mtu anapewa namba zile zile sita, ya chini kabisa nane, apange mwenyewe. Hiyo nikaipenda kuliko zote. Ni kama chakula kikipakuliwa na mtu wa haki, sahani zote sawa. Ya nne ni ya pointi, unaanzia nane kwa kila kitu halafu unapandisha kidogo kidogo mpaka pointi ziishe. Hapo nilipotea lakini niliitikia kwa kichwa.

Nikamwambia ile ya tatu ndiyo ya kiungwana. Mtu hapati chini ya nane. Kwa nini wasibadili?

Akaondoa kioo jichoni. Akasema ukimpa kila mtu sawa hakuna atakayeshangaa, na watoto hawa wanakuja pale kushangaa. Tena akasema njia ile walichagua wenyewe, walipiga kura Jumamosi. Na mwanangu alinyoosha mkono.

Akasema nimwulize mwenyewe kwa nini.

Sikumwuliza. Atakwama, nitamalizia, tutaishia palepale. Najua jibu, alinyoosha kwa sababu wenzake walinyoosha.

Mama mkwe bado anakula chumbani. Leo aliuliza kwa sauti, akiuliza ukuta, kama mtu wa busara tano anaruhusiwa kuomba chumvi.

Jumatano, tarehe 8 Machi

Mpango wa pili. Kama kura iliingiza, kura itatoa. Wachezaji ni wanne: mwanangu, Miwani, na wale pacha wa kinyozi. Nikiwapata pacha, kura zinakuwa mbili kwa mbili, na Fundi Saa ni mtu laini.

Nikawangoja njia ya shule na pakiti mbili za biskuti. Nikawaeleza vizuri ile njia ya tatu, sahani zote sawa. Walisikiliza kwa adabu kabisa. Walikula kwa adabu pia. Halafu wa kulia akasema shikamoo mama, asante, lakini yeye ana uvumilivu sita, mtu wake anaumwa kila mahali wanapofika, na ndiyo raha yenyewe. Wa kushoto akasema Jumamosi walimbeba ngazi nzima. Wakacheka mpaka makombo yakawatoka.

Pakiti mbili zimekwenda hivyo hivyo.

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Mpango wa tatu nauandika kwa aibu. Nilisikia mahali kwamba dadu ikipata joto inakuwa nzito upande mmoja, na ikiwa nzito upande mmoja inalala unavyotaka. Joto? Mimi na joto tunajuana miaka kumi na moja. Nikachukua zile dadu tatu za nyumbani mpaka kazini. Saa ya chai, wenzangu wako nje, nikaziweka kwenye meza ya pasi upande wa sita juu, maana sita ndiyo ninayoitaka. Nikagandamiza kidogo tu. Nikahesabu mpaka tano.

Mbili zikawa bapa kama vifungo. Ya tatu ikanyanyuka na pasi. Nikaikwangua, nikadhani imetoka yote, nikarudi kwenye mashati. Shati la kwanza lilikuwa jeupe, la bwana harusi wa kesho. Kwenye kola yakatokea madoa sita meusi, yamejipanga vizuri, matatu na matatu.

Msimamizi akaniuliza ni nini hicho. Nikasema sita. Sijui kwa nini nilisema hivyo, ndicho kilichotoka. Akaniuliza kama naumwa. Nimekaa na ile kola saa mbili nzima, limau, chumvi, mswaki, mvuke. Imetoka. Doa gani lisilonitoka mimi! Moja tu lipo, wino wa alama, ule tunaoandikia namba za wateja ndani ya kola. Huo hautoki hata shati likioza.

Mwanangu leo mezani kamwambia baba yake sentensi nzima. Ilikuwa ya huo mchezo, kwamba mtu wake ni mjumbe, kazi yake kupeleka maneno ya watu kwenye mji wenye lango. Nikaganda na kijiko mkononi. Mjumbe! Mwenye mvuto wa nne! Watamwua pale langoni kwa kicheko. Alikwama kwenye neno lango, nikamsaidia.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Imekwisha. Nimefanya.

Nimempelekea Fundi Saa mashati yake. Alikuwa na mteja mwenye saa kubwa ya ukutani, wanabishana kama inachelewa au ni mteja anayewahi. Akaniambia niyaweke nyuma. Nyuma kule ndiko meza ya mchezo ilipo. Na juu ya meza, boksi. Na ndani ya boksi, karatasi nne. Ya mwanangu, aliyoirudisha juzi, ilikuwa juu kabisa, kana kwamba inaningoja mimi.

Mvuto 4.

Sikuwa na nia. Nasema kweli. Lakini nilitazama ile nne, ilivyokaa peke yake, na mbele yake kuna nafasi. Nafasi ya kijiti kimoja! Nikapapasa aproni, kalamu ikawepo. Nikaweka moja pale mbele, safi, yenye kofia na kikanyagio kama tunavyoandika kazini.

Mvuto 14.

Sikumwibia mtu. Hakuna aliyepungukiwa. Dadu ilikosea kidogo, nami nimenyoosha kama ninavyonyoosha kola. Nimetoka pale nimemsalimia hata yule mteja wa saa.

Kumi na nne! Natamani kumwambia Jirani wa Juu lakini nitanyamaza. Kesho atasikia mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Alitoka saa nane. Nikamfunga nywele vizuri. Saa nane na nusu karudi.

Kapita, kaweka mkoba, kalala akigeukia ukuta. Nikauliza nini. Nikauliza tumbo? Kichwa? Wamekucheka? Hapana, hapana, hapana, kwa bega tu. Namna ile ya Januari.

Jirani wa Juu hakukawia. Alishuka na sukari mkononi, yeye ambaye huja kuomba sukari. Akaniambia pole sana jirani, watoto ni watoto. Eti mwanangu kakutwa kaghushi karatasi. Pacha waliona kwanza, kwamba nne imekuwa kumi na nne. Wino mweusi wa kung'aa, wengine wote wameandika kwa buluu. Fundi Saa akavaa kioo chake, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza nani kafanya hivi. Na mwanangu akasema ni yeye.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Kasema ni yeye, mbele ya wote.

Jirani wa Juu akaendelea kuongea, sijui alisema nini. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa aproni. Kalamu ile nilikuwa nimeifunga kwa uzi pale tangu asubuhi, kama kila siku. Ni kalamu ya alama. Wino wa dobi. Nimeandikia kola za sare yake yote kwa wino ule. Aliujua mara tu alipouona. Mtoto yule aliujua mkono wa mama yake, akaufunika.

Fundi Saa kamrudisha nyumbani na karatasi yake. Asirudi mpaka karatasi irudi ilivyokuwa.

Sina la kuandika zaidi.

Jumapili, tarehe 12 Machi

Irudi ilivyokuwa. Nililala na kuamka na neno hilo. Basi kama ni kuirudisha, kurudisha vitu vilivyokuwa ndiyo kazi yangu.

Alipokwenda kumsaidia bibi yake kuoga nikaitoa karatasi mkobani. Nikaanza na limau. Hakuna. Limau na chumvi. Hakuna. Sabuni ya maziwa ya mgando, wacha nisieleze. Hakuna. Ile moja ilikaa pale na kofia yake na kikanyagio chake, inanitazama. Nikachukua dawa ya madoa ya kazini, ile ya chupa ya kahawia, tone moja kwa ncha ya kijiti cha kiberiti.

Moja ikatoka!

Na nne ikatoka. Na karatasi ikatoka. Pakabaki tundu, la ukubwa wa kifungo cha shati. Unaona meza kwa upande wa pili. Nguvu 9, wepesi 13, uvumilivu 11, akili 14, busara 12, mvuto tundu.

Nikageuka, yupo mlangoni.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alikuja akakaa, akaweka kidole chake kwenye lile tundu, akakichungulia. Nikaanza kusema mimi, maneno mengi, kwamba nilitaka mema, kwamba ile nne, kwamba wangemcheka. Akaninyooshea kiganja. Nikanyamaza.

Akasema, "Mama, pale ha..."

Akakwama. Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Nilikuwa nayo matatu. Sijui nini kilinishika, labda lile tundu. Nikaumeza ulimi. Tukakaa. Bomba la jikoni, lile alilolitengeneza baba yake, likadondosha tone, likadondosha jingine. Nilihesabu matone kumi na moja.

"Pale hakuna anayenimalizia."

Akaniambia yote, na ilichukua muda wa kupika chakula kizima. Kwamba mezani kwa Fundi Saa kuna sheria, mtu hasemewi maneno ya mtu wake. Kwamba dadu ilipolala nne, yeye akaamua mjumbe wake maneno yatakuwa yanamkwama, kwa sababu hiyo anaijua, hahitaji kuibuni. Na mjumbe akisema, wote wanasubiri, maana bila ujumbe hakuna safari. Pacha walisubiri. Miwani alisubiri. Mara ya kwanza maishani mwake alifika mwisho wa sentensi akakuta watu bado wapo.

Kwa hiyo alinyoosha mkono. Kwa hiyo aliitaka nne yake.

Na mimi nimeichoma kwa dawa.

Nikauliza mbona alisema ni yeye. Akainua mabega. Akasema mimi ni mama yake, na mtu atasema nini.

Jumatatu, tarehe 13 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Saa kabla ya kazi, duka halijafunguliwa, nikagonga bati. Nikamwambia ni mimi. Nikamwonyesha kalamu na uzi wake. Nilijiandaa kwa maneno makali.

Akasema alijua. Hakuna mtoto anayeandika moja yenye kikanyagio siku hizi, na kola zake mwenyewe zina moja kama ile, namba yake kwetu ni kumi na moja. Nikamwuliza kwa nini basi kamwadhibu mtoto. Akaitazama ile kalamu, saa zote zinagonga nyuma yake, kila moja na wakati wake. Akasema mtoto alipoulizwa alijibu "ni mimi" bila kukwama hata kidogo. Yeye hakuwa na moyo wa kulirudisha neno hilo mbele ya watu. Akaona amwachie aliyeandika aje alirudishe mwenyewe.

Nikamwambia nimelirudisha. Akasema siyo kwake. Mezani, Jumamosi, mbele ya wachezaji.

Mbele ya pacha walionilia biskuti!

Jumamosi, tarehe 18 Machi

Wiki nzima sikuandika. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema.

Tumekwenda wote wawili. Nilivaa gauni la sherehe na kanga begani, mwanangu akasema siyo lazima. Nikasimama kwenye kona ya meza. Nikasema mimi ndiye niliye, halafu neno likakataa. Nilisema ghu, ghu. Kughushi ni neno gumu jamani! Nikatoka jasho. Na wale watoto, wote wanne, wakaniangalia kwa utulivu kabisa na kusubiri. Hakuna aliyenimalizia. Nikafika mwisho peke yangu. Niliposema naomba radhi, pacha wa kushoto akauliza kama kuna biskuti.

Fundi Saa akaichukua karatasi, akaivalia kioo, akaniangalia kupitia lile tundu. Akasema namba ile haipo tena, haiwezi kurudi, itabidi irushwe upya. Dadu tatu, zitakavyolala. Na atakayerusha ni yule aliyetoboa.

Nikakataa. Mwanangu akanisogezea dadu.

Nilizishika kwa mikono miwili. Nilizipulizia. Niliomba, na nitasema kweli kwako daftari, sikuomba nne yake irudi. Baada ya yote yale, niliomba kumi na nane. Nikarusha.

Moja. Moja. Moja.

Halafu Miwani akashika kichwa. Pacha wakapanda juu ya viti. Tatu! Moja katika mia mbili na kumi na sita! Fundi Saa akasema ana miaka ishirini anacheza na hajawahi kuiona ikilala mbele ya macho yake. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nikamtazama mwanangu, nikamwona amelala juu ya meza, mabega yanatikisika, nikasema nimemmaliza kabisa. Akainua uso. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Wakacheka naye wote, na yeye ndiye aliyekuwa anaongoza. Akabandika karatasi nyeupe nyuma ya tundu, akaandika tatu kubwa.

Wakaniacha nikae. Mjumbe akafika langoni. Akasimama mbele ya mlinzi, na mlinzi ni Fundi Saa kwa sauti nzito, akaanza kutoa ujumbe. Alikwama kwenye neno la kwanza. Nilijaza kona ya kanga mdomoni. Akakwama kwenye la tatu. Nikaing'ata. Akafika mwisho. Wakarusha ile dadu kubwa ya pande ishirini kuona kama mlinzi ameshawishika, ikaja mbili, lango likafungwa kwa kishindo usoni mwake. Wote wakaguna. Na mwanangu, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia nje ya nyumba yetu tangu Januari, akasema watasubiri nje, na kesho atagonga tena.

Kanga ina matundu ya meno. Hayo sitayatoa.

Jumapili, tarehe 19 Machi

Kwako daftari, salamu tena. Mama mkwe karudi mezani. Aliposikia habari ya tatu akataka arushiwe upya, kwa dadu mpya, na arushe mwenyewe. Busara kumi na mbili. Kaiandika kwenye kalenda. Mume wangu hajambo, bomba linadondosha. Paka hajambo. Jirani wa Juu alikuja kuomba sukari, mambo yamekaa sawa. Mwanangu jana jioni alikwenda dukani peke yake akaomba chumvi kwa mdomo wake, muuzaji akangoja.

Nimejifunza mengi na nimetulia. Namba ni namba tu. Nimemwahidi mwanangu.

Ila leo nilikuwa naitazama ile karatasi, alikuwa anainyoosha kabla ya kuirudisha kesho kwenye boksi la Fundi Saa. Tatu yake kaiandika kubwa, ya mviringo, nzuri. Na nikaona kitu ambacho sikukitafuta. Tatu, ukiiziba tu upande wa kushoto, mikunjo miwili midogo, inakuwa nane. Huhitaji hata kuongeza kitu mbele. Na nane siyo kujipendelea, ni ile ya chini kabisa kwenye ile njia ya sahani zote sawa. Ataendelea kukwama vizuri tu na nane. Hata mlinzi wa lango angemwonea huruma kidogo.

Na siyo kwa kalamu ya alama, mimi siyo mjinga. Fundi Saa huisahau kalamu yake ya buluu kwenye mfuko wa shati, na mashati yake yanakuja Jumanne. Yanarudi Ijumaa, na boksi liko pale pale nyuma.

Sijaamua. Ninauliza tu. Wewe daftari umeona yote tangu mwanzo, niambie unaonaje. Nijibu upesi tafadhali, usipitishe Alhamisi.